Ufa Uliorudi Kila Masika

Wanajumuiya wenzangu, leo nawasimulia habari za jirani yangu Severin. Msikasirike, maana wengi wenu mmo humu, na mimi nimo zaidi.

Nyumbani kwa Severin, hapa kwetu Mgeta, kulikuwa na utulivu wa kuonewa wivu. Njia ya zege ilitoka mlangoni, ikapita katikati ya kabichi hadi kwenye bustani ndogo ya njegere ya mama yake, Bibi Scholastika. Bibi haoni vizuri. Kila asubuhi aliifuata njia ile kwa mkongojo, na hakuwa na matembezi mengine duniani.

Basi ukatokea ufa. Severin akaupiga lipu haraka, kwa sababu ilikuwa zamu yake sala ya jumuiya kufanyika kwake. Masika yaliyofuata ufa ukarudi, palepale. Akapiga lipu tena. Mara ya tatu udadisi ukanishika: mbona ufa huu hauhami?

Nikamkuta Bibi akigongagonga zege kwa mkongojo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Angelina. Hebu sikiliza. Hapa pamejaa. Na hapa je?"

Akagonga; pakalia kama debe tupu.

"Kuna nini chini, Bibi?"

"Mfereji wa zamani wa kumwagilia. Severin aliufukia alipojenga njia. Namwambia maji bado yanapita humo, ananijibu nimezeeka."

Nilimfuata Severin, nikamweleza. Mwiko wa lipu ulikuwa mkononi mwake.

"Jirani, nikibomoa leo, Jumamosi wageni wa sala wakanyage tope? Watanisemaje?"

Nikaenda zangu nyumbani. Sikutaka kugombana naye.

Jumamosi tulisali, tukaisifu njia. Jumatatu mvua kubwa ikanyesha. Asubuhi yake zege likadidimia chini ya miguu ya Bibi, akaanguka, nyonga ikavunjika.

Severin alilia mbele yetu sote. Kisha akabomoa. Chini palikuwa na shimo la kuzamisha mkono hadi begani! Akauzibua mfereji, akalaza bomba pana maji yapite, akajaza mawe na kokoto, akashindilia. Ndipo akamwaga zege, akalifunika kwa magunia na kuyalowesha kwa siku saba.

Bibi aliporudi kutoka hospitali, tulimbeba kwenye kiti hadi pale. Akainama, akagonga, akatega sikio.

"Sasa pamejaa," alisema. "Laiti ungenisikiliza nikiwa na miguu, mwanangu."

MAFUNZO

Ndugu zangu, kupaka kasoro lipu ili wageni wasiione si kuitengeneza. Tafuteni kinachoisababisha, hata kama mtaonekana na tope. Na mzee akiwaambia kuna jambo, msimwambie amezeeka, chimbeni muone. Nanyi majirani mnaojua, semeni, tena semeni mara ya pili. Mimi nililisikia lile debe tupu kwa masikio yangu, na Jumamosi nikapita juu yake nikiimba.