Lenzi Haishiki Hewa

Picha ya kwanza ambayo Saliu alimpiga bintiye kwa kamera yake mwenyewe ilitoka mbaya, na ubaya wake haukuwa wa kawaida. Kehinde, mtoto wa miaka sita, alikuwa ameketi upande wa kulia wa mkeka, mikono magotini, na uso wake ulikuwa umefifia kabisa. Kigoda kitupu kilichowekwa kushoto kwake nacho kilififia. Kilichotoka kikali kilikuwa vumbi lililoelea juu na mbele kidogo ya kigoda kile, punje kwa punje, kwenye kimo cha uso wa mtoto aliyeketi akainama ili aone kamera vizuri.

Saliu alijilaumu. Alikuwa mwanafunzi, na mwanafunzi hujilaumu kwa kila kitu, hata kwa yasiyo yake.

Kwa miaka kumi na miwili alikuwa fundi redio hapa mjini Ilorin, na kazi hiyo ilikwisha taratibu, mteja kwa mteja, hadi akabaki na meza na bisibisi. Ndipo akakusanya alichokuwa nacho akaenda kwa Mufu, muuza kamera za mtumba nyuma ya soko la Oja-Oba.

"Fundi Saliu! Redio zimekufa zote, ndiyo umenikumbuka?"

"Zimekufa, kaka. Nipe kamera. Ile pale."

Mufu akaitazama ile pale, kubwa, nyeusi, ya kutisha, kisha akamtazama Saliu. "Ile ni ya mtu mwenye harusi tatu kila Jumamosi. Wewe hata kifuniko cha lenzi hujajua kukivua. Ukiichukua utarudi nyumbani na bodi tupu isiyo na lenzi, na njaa."

"Basi unishauri, usinitukane."

"Sikutukani, nakuonea huruma." Akashusha kamera ndogo kutoka rafu ya chini. "Hii ni ya wanaoanza. Ya zamani, nyepesi, vitufe vichache, haijapiga picha nyingi. Bodi huzeeka, ndugu yangu, kila mwaka wanatoa nyingine. Pesa iweke kwenye lenzi, hiyo utamwachia mwanao. Lenzi hii inayokuja nayo inavuta na kurudisha, itakufaa nje kwenye jua na watu wengi. Halafu ongeza hii." Akaweka mezani lenzi fupi ya plastiki iliyoingia yote kiganjani. "Milimita hamsini. Haivuti wala hairudishi. Ukitaka karibu, tembea, una miguu. Lakini inafungua jicho hadi inaona ndani ya nyumba isiyo na taa. Kwa bei hii hupati nyingine inayopendezesha uso wa mtu namna hii."

Saliu akaijaribu. Zii, zii, ikalia ikitafuta pa kushika.

"Mbona ina kelele?"

"Rahisi haikosi kelele zake. Itakulilia, lakini haitakuaibisha."

Akarudi nyumbani na kamera na lenzi mbili, na kazi ya kwanza ilikuwa inamngoja. Mkewe, Sidikat, alitaka picha ya pacha.

Kehinde alizaliwa pacha. Mwenzake, Taiye, aliondoka kwa surua wakiwa na miaka miwili. Nasema aliondoka kwa sababu kwetu pacha haambiwi amekufa. Anaambiwa amekwenda sokoni, ili yule aliyebaki asije akamfuata. Kwa miaka minne Sidikat alijibu hivyo kila alipoulizwa: Taiye amekwenda sokoni. Na pacha aliyekwenda sokoni hupigiwa picha yake: aliyebaki anapigwa, picha inachapwa mara mbili, zinaunganishwa ubavu kwa ubavu, na hapo ukutani wanakuwa wawili tena. Kazi hiyo mtaani kwetu aliifanya Baba Raji, mpiga picha wa zamani na mwadhini wa msikiti wetu, hadi mikono ilipoanza kumtetemeka.

Baba Raji alipiga picha moja tu, akaichapa mara mbili. Saliu aliiona njia hiyo ya kizee. Pacha wawili wenye tabasamu moja, mkunjo mmoja wa gauni, nani asiyejua ni ujanja? Yeye angepiga mbili. Kwanza Kehinde akae kulia na kigoda cha kushoto kiachwe wazi. Kisha ahamie kushoto. Angeziunganisha kwenye kompyuta ya jirani, na Sidikat angepata watoto wawili kweli kweli. Nia yake ilikuwa njema, ndiyo maana naiandika habari hii kwa uchungu.

Alipopiga ya kwanza akamwambia Kehinde ahamie kwenye kigoda cha kushoto. Mtoto hakutikisika.

"Baba, kuna mtu."

Saliu akacheka. "Mwambie Taiye akupishe."

Sidikat, aliyekuwa akichambua maharage kizingitini, akaacha kuchambua. "Umesema nani?"

Kehinde alikitazama kigoda, akamtazama mama yake. "Anasema amechoka kusimama."

Baba akaona ni mchezo wa watoto. Mama akalia kwa furaha, na mchana ule ule akapakua sahani mbili za maharage.

Kesho yake Saliu alimpelekea Mufu ile picha mbaya. Mufu akaifunga lenzi kwenye kamera nyingine, akapiga mlango, akapiga chungwa, akampiga mpita njia aliyemtukana. Vyote vilitoka safi.

"Lenzi ni nzima. Umefungua jicho hadi mwisho, na ukifungua hivyo inashika kitu kimoja tu, vingine vyote vinakuwa ukungu." Akaikuza picha kwenye kioo, akaisogeza karibu na macho. "Fundi, hapa mbele ya kigoda ulimweka nani?"

"Hakuna mtu."

"Lenzi haishiki hewa," Mufu akasema kwa sauti ya chini. "Hewa haina pa kushikika. Hapa palikuwa na kitu."

Saliu alirudi akiwa na hasira, kwa kuwa hofu yake ilikuwa bado haijajua jina lake. Kamera ile, ukiwasha kioo chake cha nyuma, hutafuta uso wa mtu yenyewe na kuuzungushia kisanduku cheupe. Akaiweka kwenye miguu mitatu uani, jua likiwa la utosi, akamwita Kehinde. Mtoto akasimama peke yake ukutani. Kisanduku kikatokea, si usoni pake, bali kando, begani kwa bega naye, kikizunguka ukuta mtupu. Kehinde akasogea. Kisanduku kikasogea. Kehinde akachuchumaa, nacho kikabaki juu, kikatulia, kisha kikaanza kukua polepole, kama kinavyokua mtu anapoijia kamera.

Saliu akazima kila kitu na kutoa betri.

Tangu hapo nyumba ikaingiwa na harufu ya kafuri, ile ya kuoshea maiti, na ilikuwa nzito zaidi mchana, watu walipolala baada ya chakula. Sahani ya pili ya maharage ilirudi tupu kila siku. Sidikat aliimba akiiosha. Lakini Kehinde alianza kukonda. Alikaa na chakula mbele yake bila kukigusa, macho yamemlegea, na kila Saliu aliporudisha betri ampige picha, mtoto alitoka hafifu kuliko jana, mpaka gauni lake likaonekana vizuri kuliko uso. Hata hivyo alikuwa haachi kutumwa huku na huko: alichota maji, alifagia uani, alibeba kigoda kukipeleka kivulini.

"Nani kakutuma, mwanangu?" Saliu akamuuliza.

"Taiye."

Akamwendea mkewe jikoni. "Mama Pacha, mtoto anaisha. Acha kupakua sahani ile."

"Nimnyime mwanangu chakula?"

"Huna hakika ni mwanao."

"Wewe ndiye uliyemwita!" Sidikat alinong'ona, maana tayari walikuwa wananong'ona ndani ya nyumba yao wenyewe. "Miaka minne nimekaa na nusu ya watoto wangu. Usininyang'anye tena, Saliu. Nakuomba."

Mchana wa Alhamisi Saliu alipokuwa amejilaza karibu na mfuko wa kamera, na betri iko mfukoni mwa shati lake, akaisikia lenzi ya hamsini ikilia ndani ya mfuko, zii, zii, ikitafuta, ikaacha, ikatafuta tena, na alipoinua kichwa akamwona Kehinde amesimama mlangoni akizungumza na mtu aliye nyuma ya pazia, akitikisa kichwa kukataa, kisha akikubali, kisha akivua shanga zake shingoni na kuzinyoosha gizani, na shanga zikachukuliwa, naye mtoto akaja akalala chini mkekani, akajinyoosha miguu, akakunja mikono kifuani kama walivyomlaza Taiye siku ya kumzika, akasema kwa sauti iliyochoka, "Baba, Taiye anasema sasa ni zamu yangu kwenda sokoni."

Saliu hakuvaa hata viatu. Alikimbia hadi kwa Baba Raji.

Mzee alisikiliza hadithi yote, akauliza swali moja. "Nani anamtuma mwenzake?"

"Taiye anamtuma Kehinde."

"Saliu, wewe ni mtoto wa Ilorin au ulishuka kwenye lori jana? Kehinde ndiye mkubwa. Kwa sababu ni mkubwa alimtuma Taiye atangulie duniani akaionje, kisha yeye akafuata. Tangu lini Taiye akamtuma Kehinde?"

Saliu alitazama miguu yake mitupu, na mzee akaendelea.

"Unadhani nilichapa picha moja mara mbili kwa kukosa filamu? Sikuacha kiti kitupu hata siku moja. Kiti kitupu mbele ya pacha aliyebaki ni mwaliko, na roho zinazotembea zikitafuta nyumba ni nyingi. Wewe ukafungua mlango, na mkeo akapakua."

Walipofika, Baba Raji akamlaza Kehinde mapajani mwa mama yake, akaweka kigoda mbele yao, akaamuru kamera iwashwe kwenye miguu mitatu. Kisanduku cheupe kikatokea mara moja, juu ya kigoda. Mzee akaanza Ayatul Kursiy kwa sauti ya kawaida, akairudia, kisha akasema, "Kehinde, mjukuu wangu, mtume mwenzako kikombe cha maji."

"Taiye, niletee maji," mtoto akasema.

Kisanduku hakikusogea. Kehinde akaanza kujikokota kuinuka kutoka mapajani. "Amesema niende mimi."

Sidikat akamkamata kwa mikono miwili, na nikiulizwa ni wakati gani alijua kuwa yule si mwanawe, nasema ni wakati ule.

"Mimi namsomea tu," Baba Raji akamwambia. "Anayekaa kwa kulishwa hutolewa na aliyemlisha. Mwambie ukweli, mama. Wote, bila soko."

Ndipo kisanduku kikajaa. Pale ambapo siku zote palikuwa patupu, kiooni kukatokea uso wa mtoto wa miaka sita, mwenye shanga za Kehinde shingoni, mwenye alama ndogo ya kuungua kidevuni ambayo Taiye aliipata kwenye jiko, uso ambao Sidikat alikuwa akijaribu kuukisia kila Idi kwa miaka minne akipima gauni moja na kununua kitambaa cha mawili, na macho yake yalimtazama yeye peke yake, na sauti ikatoka kwenye kigoda, ndogo, yenye kitembe kile kile cha Taiye, ikisema, "Mama, nina njaa," na mkono wa Saliu, uliokuwa umeshika kamera isianguke, ukateleza ukabonyeza kitufe.

"Wewe si mwanangu," Sidikat akasema.

"Mama."

"Mwanangu hakwenda sokoni. Mwanangu amekufa." Neno lile lilimtoka kwa shida, kwa kuwa lilikuwa halijawahi kupita kinywani mwake. "Amekufa ana miaka miwili. Nilimwosha mimi. Wafu hawakui. Toka kwangu."

Kigoda kikaanguka chali. Lenzi ikalia kwa muda mrefu, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kisha ikanyamaza. Shanga zikaanguka mkekani moja moja. Harufu ya kafuri ikaondoka na upepo wa vumbi, na Baba Raji akaketi chini, amechoka, akaomba maji.

Siku ya tatu Saliu alifuta picha zote za juma lile. Alipofika ya mwisho akasita, maana ule uso ulikuwa humo, mkali, unywele kwa unywele. Kamera nzuri, lenzi nzuri. Ilikuwa picha bora kuliko zote alizopata kuzipiga. Sidikat alikuwa amesimama nyuma yake.

"Nipe."

Aliishika muda mrefu.

"Hivi ndivyo angekuwa?"

"Baba Raji anasema kile kilichokaa kigodani kiliutoa uso huo moyoni mwako."

"Najua alivyosema. Nakuuliza wewe."

Saliu alitaka kumdanganya lakini hakujua uongo upi ungemuuma kidogo. "Sijui, mke wangu."

Kutoka uani Kehinde akaita, kwa sauti ya ukali ambayo walikuwa wameisahau, "Mama! Maharage yamebaki?"

"Yamebaki, mwanangu. Nakuja."

Kamera iliuliza kama ana hakika ya kuifuta, kama zinavyouliza zote. Sidikat akabonyeza. Taiye alipokufa mara ya kwanza uwanja ulijaa watu waliokuja kumpa pole. Safari hii hakuja mtu, kwa sababu hapakuwa na namna ya kumweleza jirani kuwa ana msiba, wala wa nani.