Besi ya Tano

Jumanne moja ya mwezi wa tisa, jua likiwa limeshapanda na baridi ya asubuhi imeanza kulegea, Sosthenes Mgaya alishuka Mwanjelwa, Mbeya mjini, kutafuta hedifoni. Zile za zamani zilikuwa zimekufa sikio moja. Yeye ndiye aliyekuwa na studio pale Chimala, chumba kimoja kilichobandikwa trei za mayai kuta zote, na kwaya nyingi za Mbarali zilirekodi kwake. Kazi iliyomsubiri siku hiyo ilikuwa wimbo wa kumkumbuka Seni Nkuba, mwimbaji wa besi na rafiki yake, aliyekufa maji mwezi wa pili kwenye mfereji mkuu wa mashamba ya mpunga ya Madibira.

Jumapili iliyokuwa inakuja, padri angetangaza kwa mara ya tatu ndoa ya Sosthenes na Eveline. Eveline alikuwa mchumba wa Seni.

Dukani kwa Tupokigwe alikaa zaidi ya saa nzima. Mama huyo alikuwa ameuza vifaa vya muziki miaka mingi, hakuwa na tabia ya kumharakisha mteja. Sosthenes alichomeka hedifoni moja baada ya nyingine kwenye simu yake, akasikiliza kila mara ule wimbo wa Seni, kama kwaya ilivyourekodi. Za kwanza zilikuwa na besi ya kishindo, inatwanga kichwani mpaka akina mama wa alto wanapotea kabisa. Za pili zilikuwa safi huku juu, ila chini hamna kitu, kama redio iliyofunikwa kwa ndoo. Za tatu zilibana. Alimweleza Tupokigwe kwamba anataka besi ya kuingia mpaka kifuani, lakini isimmeze mtu. Kila mwimbaji asikike mahali pake.

Tupokigwe aliinama chini ya kaunta, akatoa nyeusi zisizo na jina wala boksi.

Sosthenes alizivaa, akafumba macho. Soprano walisimama kulia, alto kushoto, teno wakakaa katikati, na chini yao besi ikawabeba wote taratibu, nzito, haimkanyagi yeyote. Mwili ulimsisimka kwa raha. Kama alivyozoea kupima kifaa kizuri, aliwahesabu waimbaji wa besi mmoja mmoja.

Watano.

Siku ya kurekodi walikuwa wanne.

Alijiambia ni mwangwi wa kuta. Alipouliza hedifoni zimetoka wapi, Tupokigwe alizigeuzageuza mkononi na kusema hakumbuki kuzileta yeye.

"Lakini zimekukubali, kaka," alisema. "Zichukue."

Saa nane mchana Sosthenes alikuwa amesharudi Chimala. Njia nzima alikuwa ameikunja mikono kifuani kama mtu anayesikia baridi, akifikiria jambo ambalo kwa miezi saba alikuwa amelisukuma mbali.

Kifo cha Seni watu wote walikijua hivi. Kwaya ilikwenda Madibira kupiga picha za video. Wakati wa mapumziko marafiki hao wawili walitembea kando ya mfereji, wakawaacha wenzao nyuma. Karibu na lango la maji, Seni aliteleza akaingia. Sosthenes alikuwa amekaa hatua kumi kutoka pale, amegeuka upande mwingine, hedifoni masikioni, anakagua muziki. Hakusikia kitu. Hivyo ndivyo alivyowaambia polisi, akamwambia padri, akamwambia Eveline. Wote walimwonea huruma.

Ni mtu mmoja tu aliyemtazama vingine. Siku ya maziko, huko bondeni Usangu ambako familia ya Seni ilihamia na ng'ombe wake kutoka kaskazini, mama wa marehemu, Kulwa, hakulia. Alimfuata Sosthenes palepale kaburini, akamfunika masikio kwa viganja vyote viwili. Akamshika muda mrefu.

"Masikio yako yatafunguka, mwanangu," alimnong'oneza.

Waliokuwa karibu walidhani anambariki.

Sasa Sosthenes alikuwa peke yake studio. Alifunga mlango, akawasha kompyuta, akavaa hedifoni. Wimbo ukaanza vizuri. Ubeti wa kwanza ulipita, akajikuta anatikisa kichwa. Ubeti wa pili, akaisikia tena. Besi ya tano. Aliijua sauti hiyo tangu walipoanza kuimba pamoja, jinsi inavyochelewa kidogo na kushuka chini kuliko wenzake.

Alizima besi zote.

Ikabaki.

Akazima soprano. Alto. Teno. Kinanda. Kwenye kioo mistari yote ilikuwa imelala kimya. Sauti ilikuwa inaimba.

Akachomoa waya.

Kuimba kukakoma. Sosthenes akasikia maji. Maji mengi, yanapita kwa nguvu kwenye chuma. Kisha, chini kabisa, mahali panaposikika kwa kifua zaidi kuliko kwa sikio, mtu akamwita.

"Sosthe. Nipe mkono."

Hakuweza kuinua mikono yake. Ilikuwa imelala juu ya meza kama si ya kwake.

"Sosthe. Nipe mkono."

Mara ya tatu sauti ilikuja na maji mdomoni. Vilevile. Kama siku ile. Maana siku ile hedifoni hazikuwa masikioni mwake, zilikuwa zinaning'inia shingoni. Alisikia mara zote tatu. Aligeuka, akamwona Seni ameshika ukingo wa zege kwa vidole. Akamkumbuka Eveline akicheka kwenye gari asubuhi ile, kichwa chake kikiwa begani kwa Seni. Akazivaa hedifoni. Akaongeza sauti. Akageuza mgongo.

Sasa sauti ilisema neno la nne, ambalo Seni hakupata nafasi ya kulisema.

"Ulisikia."

Mlango uligongwa. Mikono ikamrudia ghafla, akazivua hedifoni na kuzitupa mezani. Alikuwa Eveline, amekuja kusikiliza wimbo kama walivyopatana. Sosthenes alitaka kumwambia kompyuta imeharibika, arudi kesho, lakini Eveline alikuwa ameshakaa kwenye kiti na kujivika hedifoni mwenyewe.

Waya ulikuwa umelala sakafuni.

Eveline alitabasamu. Akafumba macho. Alisema, kwa sauti ya juu kidogo kama wasemavyo watu waliozibwa masikio, kwamba besi imekaa vizuri sana. Akaendelea kusikiliza. Tabasamu likaondoka polepole. Machozi yakamshuka bila uso kubadilika. Sosthenes alisimama ukutani, hawezi kumsogelea, anahesabu miito kwa kutazama tu mabega yake: mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Hatimaye alizivua, akazishika mapajani.

"Ulizivaa kabla hajakuita," aliuliza kwa kunong'ona, "au baada?"

Sosthenes alifungua mdomo. "Baada," akasema.

Hilo ndilo neno la mwisho alilolisikia kutoka kinywani mwake mwenyewe. Eveline aliinuka, akatoka na hedifoni mkononi, na mlango ukajifunga bila mlio. Pikipiki barabarani zilipita bila mlio. Kilichobaki masikioni ni maji, na jina lake.

Keshokutwa yake alifunga safari kwenda kwa Kulwa. Alimkuta nyumbani, amekaa juu ya kigoda katikati ya mchana, Eveline yuko chini kando yake. Hedifoni zilikuwa kwenye masikio ya mama huyo, waya umezungushwa mkononi kama rozari. Alikuwa anayumba taratibu, anatabasamu, kama mama anayeimbiwa na mwanawe. Sosthenes alipiga magoti vumbini, akalia, akaomba asamehewe.

Kulwa alizivua. Alimtazama usoni, akasema naye muda mrefu, midomo yake ikienda bila haraka. Sosthenes hakusikia hata neno moja. Mpaka leo hajui kama alisamehewa au alilaaniwa, na Eveline, ambaye alikuwepo, hajawahi kumwambia mtu.

Tangazo la tatu halikusomwa. Studio ilifungwa, na dada yake, Matilda, akaja kumchukua kumrudisha kwao Igowole, kule kwenye baridi na mashamba ya chai. Anamlisha, anamwogesha, anazungumza naye kwa ishara. Mwezi wa kumi na moja sikio la kulia lilianza kumwasha, akampeleka kwa daktari. Daktari alichungulia kwa taa, akaingiza koleo dogo, akavuta polepole kitu chembamba cha kijani na kukiweka kwenye kisahani.

Ulikuwa mche wa mpunga, una mizizi.

Daktari aliandika kwenye kadi kwamba mgonjwa ni mkulima wa mpunga, ajikinge na mbegu. Matilda alimweleza kwamba Igowole hakuna anayelima mpunga. Daktari akaitazama kadi, akamtazama mgonjwa, kisha akaomba aligeuze na sikio la kushoto.