Boksi la Zisiuzwe

Kila asubuhi kabla ya shule, Salwa alifuta rafu za duka la dawa la baba yake, Othman, pale Omurushaka. Akimaliza, alinusa kanga ya mama iliyoning'inia nyuma ya mlango. Harufu ya karafuu ilikuwa inapungua. Ulikuwa mwezi wa saba tangu mama aende Bukoba kushona nguo za watu, maana rafu zilikuwa nusu tupu na duka halikutosha kuwalisha.

"Kampuni ikikubali kutupa dawa kwa mkopo, mama yako anarudi," baba alisema Jumamosi. "Mkaguzi wao anakuja leo."

Chini ya kaunta palikuwa na boksi lililoandikwa kwa wino mwekundu: ZISIUZWE. Humo baba aliweka dawa zilizoisha muda, zikisubiri kupelekwa kuteketezwa. Salwa aliona aibu. Mgeni akiziona, si atasema duka ni bovu? Baba alipotoka kuongea na simu, akalifunika boksi kwa kanga ya mama, akalisukuma chini ya kitanda chumba cha nyuma.

Mkaguzi, Bi Deodatha, alishuka kwenye bodaboda, viatu vimejaa vumbi jekundu.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Wewe ndiye daktari wa hapa?"

Wakacheka. Mgeni akasoma tarehe za dawa moja moja, kisha akafungua daftari la duka, akamgeukia Othman. "Umeandika pakiti kumi na moja zimeisha muda. Ziko wapi?"

Othman akainama. Akainuka mikono mitupu. "Wallahi zilikuwa hapa!"

"Mzee Othman, dawa mbovu zisipoonekana, nitajua zimeuzwa." Bi Deodatha akafunika kalamu. "Mkopo siandiki."

"Ni mimi!" Salwa alikimbia nyuma, akarudi na boksi ndani ya kanga. Pakiti zikahesabiwa: kumi na moja.

"Ulificha kwa nini?"

"Nilitaka mama arudi."

Bi Deodatha aliikunja kanga taratibu, pindo kwa pindo. "Binti, hakuna duka lisiloharibikiwa dawa. Hilo hatuliogopi. Tunamwogopa anayeficha, maana hatujui ameficha nini kingine. Baba yako ameandika hasara yake kwa mkono wake mwenyewe. Mtu wa hivyo anakopesheka."

Akafunua kalamu, akaandika.

Mgeni alipoondoka, baba akampa Salwa simu. "Mpigie mama yako, mwambie afungashe. Lakini anza na habari ya boksi."

Salwa akaikumbatia kanga, simu ikiita.