Sensa Iliyoanguka Sakafuni

Kila akitoka shule, Tuovi alipitia gereji ya baba yake, Heimo, iliyokuwa karibu na shule katika kijiji chao cha kaskazini ya Ufini. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Ilikuwa saa tisa alasiri na giza lilishaingia, maana Desemba jua la huko halichomozi kabisa. Alikung'uta theluji kwenye buti mlangoni, akaingia ndani kwenye joto.

"Umeona mtoto anavyokung'uta buti?" Heimo alimwambia Bi Raakel, muuguzi anayewatembelea wazee majumbani. "Wewe unapanda garini na theluji yako yote. Inayeyuka, inatiririka chini ya kiti. Ndiyo iliyoozesha sensa yako, kile kifaa cha kuhisi utelezi."

"Nikiitwa na mgonjwa nianze kucheza ngoma mlangoni?" Raakel alijibu. "Kesho saa sita nalitaka gari langu. Mzee Aulis wa ng'ambo ya ziwa ana sindano yake, na mwenzangu yuko likizo."

Raakel alipoondoka, Heimo alimwonyesha binti yake kijisanduku kilichoota kutu chini ya kiti. "Hii ndiyo inayohisi gari likianza kuteleza kando. Ikihisi hivyo, breki zinashika gurudumu moja moja, gari linarudi njiani. Niletee ile mpya, lakini taratibu."

Tuovi akalifungua boksi. Vidole vilikuwa bado vimekufa ganzi kwa baridi, na sensa ikamponyoka ikagonga saruji. Heimo alikuwa ameinama garini, redio ikiimba, hakusikia kitu. Kwenye boksi kulikuwa na maandishi mekundu: *Ikianguka, usiifunge garini.* Aliigeuza huku na huku. Haikuwa na hata mkwaruzo. Akajikausha, akampa baba yake.

Heimo akaifunga, akanyoosha magurudumu, akaifundisha sensa upya kwa mashine yake ya kupimia, ijue gari likiwa limenyooka. Taa ya njano ya hitilafu kwenye dashibodi ikazimika.

"Tayari," alisema. "Leo umenisaidia kweli."

Maneno hayo yalimuumiza Tuovi kuliko karipio. Jioni aliisukuma supu ya samaki kando. Asubuhi, teksi ya shule ilipita kwenye kona ya ziwa, pale gari la Oiva, mpeleka barua, lilipoteleza likavunja barafu na kuzama naye msimu wa baridi wa mwaka juzi. Mkewe bado huwasha mshumaa hapo kwenye theluji. Tuovi alitazama mwanga ule mdogo, akaona kama kuna mtu amesimama nyuma ya mshumaa, mwenye koti la kazi la Bi Raakel. Alifumba macho. Alipoyafumbua hapakuwa na mtu.

Darasani hakusikia somo. Alichosikia ni barafu ikipasuka, tena na tena, na akilini alikuwa anauona mshumaa wa pili. Saa sita kasorobo alishindwa. Alimwambia mwalimu kuna jambo la hatari, akakimbia hadi gereji.

Bi Raakel alikuwa ameshakaa kwenye usukani, injini inanguruma. Tuovi akasimama mbele ya gari.

"Bi Raakel, zima gari. Niliiangusha sensa jana. Nilijua haifai kufungwa, nikanyamaza."

Raakel akazima. Heimo alileta mashine, akaiunganisha, wote watatu wakatazama kioo chake. Gari lilikuwa limesimama tuli, lakini namba zilikuwa zinapanda.

"Sensa inasema tunazunguka," Heimo alisema kwa sauti ya chini. "Ingeweza kukushikia breki kwenye barabara iliyonyooka."

Raakel alimgeukia msichana. "Nimekukasirikia, Tuovi, sikufichi. Lakini niko hai hata niweze kukukasirikia." Akachukua ufunguo wa pikapu ya Heimo, akaenda kwa Mzee Aulis.

Tuovi aliangua kilio. Baba yake akaketi kando yake juu ya tairi.

"Nilipokuwa najifunza ufundi mjini," alisema, "nilikaza vibaya bomba la breki la gari jekundu. Nilikumbuka gari likiwa limeshaondoka. Nikaogopa kufukuzwa, nikanyamaza."

"Likapata ajali?"

"Sijui. Miaka ishirini na sita sijui. Miezi mingi nilisoma gazeti kila asubuhi nikilitafuta. Hadi leo nikiona gari jekundu la zamani, namtazama kwanza dereva."

Tuovi alifuta machozi. Hakuwahi kumwona baba yake na uso ule.

"Kuangusha kitu si dhambi, mwanangu. Kila fundi anaangusha. Lakini kosa lisemwe siku ileile, wakati bado linarekebishika. Mimi hakuna aliyenifukuza kazi, hakuna aliyenigombeza. Na bado sijapona."