Ubani Chini ya Rangi

Kila siku baada ya shule Jumana alipita njia ya nyuma ya nyumba yao pale Azaiba, Maskati, akavua viatu kwenye kizingiti cha jikoni, akamwamkia bibi yake, kisha akasimama kidogo kuitazama boti. Haikuwa boti ya kujivunia. Ilikuwa ndogo, ya alumini, ya kukaa watu wanne ikiwa hawajagombana. Tangu mama yake afariki ilikuwa imelala kifudifudi juu ya matairi makuukuu, rangi yake ya buluu ikitoka magamba. Paka wa jirani alikuwa amezaa chini yake, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kumfukuza.

Boti ilikuwa ya mama yake, Khawla. Kila Ijumaa asubuhi alikuwa akipiga makasia karibu na ufuo, akirudi buibui limelowa mpaka magotini na njaa ya watu watatu. Alikuwa akisema mwaka ujao ataipaka rangi ya manjano ili watu wa nyumbani wamwone kutoka mbali. Mwaka ujao ulifika bila yeye.

Zamani Jumana alikuwa na cheo katika familia. Yeye ndiye aliyetia chumvi ndani ya kopo la sukari siku waliyokuja wageni wa heshima, na jambo hilo liliingia katika historia ya ukoo. Baada ya msiba alijiuzulu kazi ya utundu bila kuaga, wala hakuna aliyeulizia. Nyumba ilikuwa na mambo mengine. Baba yake, Hamdan, alirudi kutoka ofisini, akaketi mbele ya televisheni ambayo haikuwashwa. Bibi Nasriya, mama yake Baba, aliyezaliwa Unguja na kuletwa Maskati angali msichana, alipika chakula ambacho hakikumalizwa. Yazan, mdogo wake Jumana, ambaye hata shule hajaanza, aliuliza maswali na kujibiwa kwamba akanawe mikono.

Basi siku moja Baba alirudi kutoka madukani Hamriya na makopo ya rangi, karatasi za msasa, glavu na dawa ya kubandulia rangi. Aliviweka chini kando ya boti, akavitazama kama mtu asiyekumbuka nani kavinunua. Kopo moja lilikuwa la manjano. Bibi alirudi jikoni akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akasingizia vitunguu, ingawa alikuwa akichambua mchele.

Walianza kazi Ijumaa iliyofuata. Dawa ilipopakwa, rangi kuukuu ilivimba, ikajikunja kama utando juu ya maziwa. Chini ya buluu ikatokea kijani, na chini ya kijani ikatokea alumini tupu, ya kijivu, kama anga ya siku ya vumbi. Baba alitoa sheria moja tu: chuma kisiguse boti. Rangi ikwanguliwe kwa kibapa cha plastiki, na pembezoni kwa msasa, taratibu, kwa mkono. Alieleza kwamba alumini ni laini, ukiichokoa kwa chuma itakubali bila kelele, halafu italipiza siku usiyoitarajia.

Khattab, mtoto wa jirani ambaye alisoma darasa moja na Jumana, alihudhuria kazi yote akiwa juu ya ukuta.

"Hiyo boti au sufuria ya pilau?" aliuliza.

"Sufuria," Jumana alimjibu. "Tunatafuta nyama. Hebu shuka."

Baba akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, chenye kutu, kama bawaba ya mlango uliofungwa mwaka mzima. Lakini kilikuwa kicheko. Huko jikoni mwiko wa Bibi ulisita ndani ya chungu. Jumana aliinama juu ya msasa wake asionekane uso. Tangu saa hiyo hakutaka kitu kingine duniani ila boti hii imalizike, na Baba acheke tena.

Baada ya kubandua sehemu kubwa waliigeuza, wakaitia maji ya mpira hadi nusu. Baba alipita chini yake, akipapasa kila ribiti, vile vijisumari vifupi vya alumini vinavyoshika bati kwa bati. Pote palikuwa pakavu. Alitangaza kwamba boti ni nzima kuliko yeye mwenyewe. Wakamwaga maji, wakailaza tena kifudifudi. Ilibaki rangi kidogo tu iliyong'ang'ania kuzunguka ribiti.

Mchana mmoja Baba alipokuwa bado ofisini, Jumana aliamua kummalizia kazi. Alitaka akifika akute boti inang'aa. Msasa ulikwenda polepole mno, na mbele kabisa, karibu na mkuku, yaani uti wa mgongo wa boti, palikuwa na ribiti moja iliyokataa kutoa rangi yake ya kijani. Jumana aliingia stoo, akatoka na bisibisi. Alichokoa mara moja, rangi ikatoka. Alichokoa tena, na kichwa cha ribiti kikatoka pamoja na rangi. Mwili wa ribiti ukadondoka upande wa pili. Lilibaki tundu la duara, dogo kuliko tembe ya panadoli, na kupitia tundu hilo aliweza kuona giza la ndani ya boti.

Alikaa chini. Akilini alimwona Baba akirudi, akiona tundu, akiweka chini mfuko wake, akienda kuketi mbele ya ile televisheni. Basi aliingia jikoni, akafungua kabati la Bibi, na akachukua kipande cha ubani kutoka katika mkebe. Ubani huo ulikuwa dawa ya nyumba nzima. Bibi aliufukiza sebuleni, aliuroweka kwenye maji ya kunywa, na mama yake Jumana aliwahi kuutafuna sana, alipokuwa akisema tumbo lake lina gesi. Jumana aliutafuna mpaka ukawa laini kama ulimbo, akausindika ndani ya tundu na kuusawazisha kwa kidole. Kichwa cha ribiti alikirudisha juu yake kikashika vizuri sana. Kazi ilikuwa safi, na hilo ndilo lililomtia hofu zaidi.

Baba aliporudi alimsifu. Walipaka rangi ya kwanza, ile ya kuishikisha nyingine kwenye alumini, kisha manjano, kisha manjano tena. Baba alianza kula sahani yake yote. Alimsimulia Yazan jinsi atakavyoketi mbele kama nahodha, mahali palepale penye ubani. Jumana alisikiliza. Kesho yake jua lilipopanda, alikwenda kutazama peke yake. Pale penye ribiti rangi ilikuwa imebonyea kidogo, kama shavu la mgonjwa. Alijua ubani unalainika kwa joto. Alijua pia kwamba bado angeweza kusema. Kila alipofungua mdomo, Baba alikuwa akipiga mluzi.

Siku ya kuishusha, mbingu zilikuwa nzito na bahari ilikuwa na rangi ya risasi. Baba yake Khattab alitoa pikapu yake, na Khattab akaja kama shahidi. Bibi alibaki nyumbani, akisema amechoka. Waliibeba boti mpaka majini. Baba alimvisha Yazan jaketi la kuokolea, akamnyanyua na kumketisha mbele. Yazan aliagiza kwamba nahodha asisemeshwe.

"Baba," alisema Jumana, "mtoe Yazan."

"Anaogopa nini? Amekaa vizuri."

"Mtoe, Baba. Boti ina tundu."

Baba alimtazama, kisha akamtoa Yazan bila kuuliza zaidi. Alimwambia Khattab aende naye kuokota kombe, na Khattab, ambaye maisha yake yote hakuwahi kutii neno la kwanza, alitii. Wakaivuta boti kutoka majini, wakaigeuza mchangani. Jumana alionyesha mahali. Baba alisukuma kwa ukucha, na kichwa cha ribiti kikateleza na rangi yake. Nyuma yake kilitoka kidonge cheupe, laini. Baba alikinusa.

"Ubani."

"Ndio."

"Wa bibi yako."

"Ndio, Baba. Nilitumia bisibisi. Ribiti ikatoka."

Baba aliketi mchangani na kanzu yake nyeupe, kidonge kikiwa kiganjani. Mawimbi yakamfikia miguuni na hakuyaona.

"Kwa nini hukuniambia siku ileile?"

"Ulikuwa umeanza kucheka," alisema Jumana. "Niliogopa ukijua utarudi kukaa mbele ya televisheni."

Baba aliufumba mkono wake.

"Mama yako naye aliutafuna huu," alisema. "Bibi yako alikuwa ametoka kupasuliwa goti, mimi kazini mambo yamenikaba. Akaona tumeshaelemewa. Kila siku anasema gesi tu, gesi tu. Tulipokwenda hospitali tulikuwa tumeshachelewa, na daktari aliniuliza swali hilihili ninalokuuliza wewe. Kwa nini hakusema?"

Baba aliufumbua mkono, akakitazama kile kidonge.

"Sijui kama angepona. Labda asingepona. Lakini sitajua kamwe, na hilo ndilo linalonikalisha mbele ya televisheni." Alimgeukia. "Alinyamaza kwa kutupenda. Na wewe umenyamaza kwa kunipenda. Usinipende hivyo, binti yangu. Ukinificha baya, unaninyima nafasi ya kulitengeneza. Nikilia, nikikasirika, hayo niachie mwenyewe. Wewe niambie."

Jumana alilia wakati huo, kwa mara ya kwanza tangu siku ya maziko, na Baba hakumwambia anyamaze.

Waliirudisha boti nyumbani. Jumana alibandua rangi ya manjano kuzunguka tundu kwa kibapa cha plastiki, taratibu, kama sheria ilivyotaka tangu mwanzo. Ikaja zamu ya ribiti mpya. Baba alimwonyesha kwamba ribiti haifungwi na mtu mmoja: mmoja hukaa nje na kukishikilia kichwa chake kwa nondo nzito, na mwingine hugonga kwa ndani mpaka mkia wake utandazike, chuma kikigusa ribiti tu, si boti. Walipaka gundi ya kuzuia maji, Jumana akashika nondo, Baba akagonga, na kila pigo likamwingia Jumana mpaka begani. Wakaitia maji, wakapapasa chini. Pakavu. Rangi ya manjano ilikuwa imekwisha, kwa hiyo ribiti ile ikabaki nyeupe peke yake.

Ijumaa iliyofuata, boti ikiwa tayari juu ya pikapu, Baba aliwasimamisha wote mlangoni.

"Kabla hatujatoka. Nani ana tundu?"

Yazan aliinua mguu kuonyesha soksi yake. Khattab, kutoka juu ya ukuta, alikiri kwamba amefeli hesabu na nyumbani hawajui. Kisha wakamtazama Bibi, ambaye alikuwa akijifunga kanga upya bila sababu.

"Mimi kila asubuhi nnaona kizunguzungu," alisema mwishowe. "Siku nyingi sasa. Nlidhani ni uzee. Tena mmekuwa na furaha kidogo, nikaona nisiwaharibie."

Baba alichukua funguo za gari na wakaenda hospitali, wakaiacha boti juu ya pikapu ya watu mchana kutwa. Ilikuwa presha. Daktari alisema wamefika mapema, akaandika vidonge, na akaamuru chumvi ipunguzwe. Bibi alipokea habari ya chumvi kama anayepokea habari ya msiba. Jioni, boti iliposhushwa na kurudishwa juu ya matairi, kopo la chumvi lilitoweka jikoni, na upelelezi wa Bibi uliligundua chini ya boti, likilindwa na paka. Jumana alikuwa amerudi kazini.

Walishuka majini Ijumaa nyingine. Anga ilikuwa bado nzito. Baba alipiga makasia, Yazan aliketi mbele, Jumana nyuma. Katikati palibaki nafasi ya mtu mmoja, na hakuna aliyejisogeza kuijaza. Kutoka ufuoni Bibi aliwapungia kanga, na baadaye aliwaambia kwamba aliiona manjano yao kutoka mbali kabisa.

"Mama yenu alijua rangi," alisema. "Angejua na kusema alipoumwa, labda tungekuwa naye. Au tungekuwa tumemuuguza vizuri. Basi nyinyi semeni."

Huko majini Jumana alikuwa amepita hadi mbele, akainama na kupapasa chini ya miguu ya Yazan, ilipo ile ribiti nyeupe. Palikuwa pakavu. Hata hivyo alimwambia Baba kwamba amepapasa, na Baba akaacha makasia, akainama, akapapasa na yeye.