Bupe na Neno Letter

Bupe ana miaka sita. Yuko darasa la kwanza, katika shule mpya.

Shule yake ya zamani ilikuwa ya Kiswahili. Shule hii ni ya Kiingereza.

Mwalimu wake anaitwa Mwalimu Gwantwa. Ana sauti ya upole, lakini anaongea haraka.

Siku moja, kengele ya kwenda nyumbani ililia. Ngri, ngri, ngri.

Mwalimu Gwantwa alikuwa bado anaongea, kwa Kiingereza. Bupe alishika mambo mawili tu. Kesho ni treni. Kila mtoto aje na "letter".

Leta? Alete leta?

Watoto wote walitikisa vichwa kukubali. Bupe naye akatikisa kichwa. Lakini hakuelewa.

Moyo wake ukadunda. Du, du, du.
"Nilete nini?"

Bupe alitamani sana kupanda treni. Alikuwa hajawahi kupanda hata mara moja.

Nyumbani, mama alikuwa anakanda unga wa maandazi.

"Mama, leta ni nini?"

"Leta ni kuleta," mama akasema. "Kama hivi. Bupe, leta chumvi."

Bupe akaleta chumvi. Lakini bado hakuelewa.

Du, du, du.
"Nilete nini?"

Akamfuata kaka yake, Lugano. Lugano yuko darasa la tano. Alikuwa anapiga pasi shati lake la shule.

"Kaka, kwa Kiingereza, leta ni nini?"

"Letter ni herufi," Lugano akasema. "A, B, C. Hizo ndizo letter."

Herufi! Bupe anazijua herufi. Lakini mtu anabebaje herufi?

Alifikiri. Akafikiri tena. Kisha akarudi jikoni.

"Mama, naomba unga kidogo."

"Wa nini?"

"Wa shule."

Mama akampa donge dogo. Bupe akalivingirisha, akalikunja. Akatengeneza B. B ya Bupe.

Mama akaitia kwenye mafuta. Chwaaa.

B ikavimba. Ikavimba zaidi. Ilipotoka, ilifanana na nane.

Bupe aliitazama kwa muda mrefu. Je, mwalimu atajua kuwa hii ni B?

Asubuhi aliifunga kwenye karatasi. Akaenda nayo shule.

Langoni alimkuta Gwakisa, anayekaa naye dawati moja. Gwakisa alishika bahasha nyeupe.

Tusa naye alishika bahasha. Na Anyisile. Na mapacha wa darasa lao.

Hakuna aliyeshika herufi.

Du, du, du.
"Nimeleta nini?"

Mwalimu Gwantwa akapita kwenye kila dawati. Akakusanya bahasha. Moja, moja, moja.

Akafika kwa Bupe. "Letter yako iko wapi, Bupe?"

Bupe akafungua karatasi polepole.

Gwakisa akacheka. Wengine nao wakacheka. Bupe akainamisha kichwa.

Mwalimu hakucheka. Akachuchumaa karibu naye.

"Hii ni B?" akauliza.

"Ndiyo, Mwalimu. Ulisema tulete letter. Letter ni herufi."

"Ni kweli," mwalimu akasema. "Letter ni herufi. Lakini letter ni barua pia. Neno ni moja, maana ni mbili. Nilitaka barua kutoka kwa mama, inayosema anakuruhusu kusafiri."

"Mimi sina barua," Bupe akasema. Machozi yakamjaa machoni.

"Ngoja tumpigie mama simu."

Simu ikaita. Ikaita. Ikaita. Mama hakupokea.

"Bila ruhusa ya mama siwezi kukupandisha treni," mwalimu akasema kwa huzuni.

Bupe akafuta machozi. Akavuta pumzi.

"Mwalimu, mama anauza ndizi sokoni. Pale pale karibu na stesheni."

"Basi twende," mwalimu akasema. "Tutapita kwake."

Wakapanga mstari. Wakashikana mikono. Ta, ta, ta, wakatembea mpaka sokoni.

Meza ya mama ilikuwepo. Ndizi zilikuwepo. Simu ilikuwepo, juu ya meza. Mama hakuwepo.

"Amekwenda kupokea mzigo," akasema bibi anayeuza nyanya. "Atarudi sasa hivi."

Wakasubiri. Mama hakuonekana.

Mbali, treni ikalia. Poooo.

Du, du, du.
"Mama, uko wapi?"

Poooo. Treni ilikuwa inakaribia.

Ndipo Bupe akaiona kanga ya njano katikati ya watu. Juu ya kanga kulikuwa na mkungu wa ndizi. Chini ya mkungu alikuwa mama.

"Mama, naomba barua!"

Mama akatua mkungu. Mwalimu akamweleza kwa kifupi. Mama akachana kipande cha boksi, akaazima kalamu ya mwalimu. Akaandika:

"Mwalimu, namruhusu Bupe apande treni. Mimi, mama yake."

"Sasa kimbieni," mama akasema.

Wakakimbia. Ta-ta-ta-ta-ta. Bupe akapanda. Gwakisa akampisha dirishani.

Treni ikaanza. Polepole. Chu-ku. Chu-ku. Kisha haraka. Chuku-chuku, chuku-chuku.

Mwalimu Gwantwa akasimama. Akaonyesha mbele kwa kidole. "Watch the bridge!"

Watch? Bupe anajua "watch" ni saa ya mkononi. Saa gani? Iko wapi?

Akamtazama Gwakisa. Gwakisa akatikisa kichwa, kama anaelewa.

Moyo wa Bupe ukadunda. Du, du, du.

Lakini safari hii akanyoosha mkono.

"Mwalimu, sijaelewa. Watch si saa?"

Kisha Tusa akanyoosha mkono. Mapacha wakanyoosha. Mwisho, Gwakisa akanyoosha.

"Hata sisi hatujaelewa," Gwakisa akasema.

"Asante, Bupe," mwalimu akasema. "Watch ni saa. Watch ni kutazama pia. Tazameni daraja."

Wakatazama wote. Daraja lilikuwa refu. Chini kabisa, mto ulikuwa unang'aa.

Jioni hiyo, mama alimfunika Bupe blanketi.

"Haya, nisimulie. Treni ilikuwaje?"

"Ilikuwa ndefu," Bupe akasema. "Tena ilikuwa..."

Mama akasubiri neno.

Bupe alikuwa ameshalala.