Umebeba Nani

Jioni ile nilikuwa naenda zahanati, basi. Kilomita mbili za njia ya mguu kupitia mashamba ya kahawa, juu kidogo ya Kinoru. Ulikuwa mwaka wa themanini na nne, mwaka wa ukame na mahindi ya njano ya msaada, na hata mikahawa ilikuwa imekunja majani kama mtu anayehisi baridi.

Mgongoni nilikuwa nimemfunga binti yangu wa miezi minne kwa leso, nikamfunika kwa shali. Alikuwa akichemka. Tangu asubuhi alikuwa amekataa kunyonya, analia tu.

Sikuwa na mtu mwingine. Baba yake, Kinoti, aligongwa na lori mwezi wa Machi. Mama mkwe wangu, Ciakuthii, hakula tena baada ya kumzika mwanawe, naye tukamzika Mei. Wiki iliyofuata nikajifungua.

Hapo ndipo nilipoharibu, kwa maoni ya kijiji. Kwetu Meru mwanamke akijifungua haulizwi mtoto anaitwa nani. Anaulizwa amezaa nani. Binti wa kwanza ni mama ya baba yake, amerudi, na jina lake linamngoja. Lakini mimi nilikuwa mwalimu, nimetoka chuo kikuu na digrii ya hesabu, na nilikuwa nimechoka kuambiwa "ni mapenzi ya Mungu" na watu ambao macho yao yalikuwa kwenye sufuria za matanga. Nikamwita Phyllis, jina la rafiki yangu wa bwenini, mzima wa afya. Kumbatiza pia nikakataa.

Shemeji yangu Mithika, ndugu yake Kinoti, aliniambia neno moja tu. "Mwalimu, umemfungia mama mlango."

Wanawake waliokuwa wakiniletea uji wakaacha kuja. Tukabaki wawili.

Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya mlima. Mbele yangu nikaona kikongwe amebeba mzigo wa kuni, kamba imepita kwenye paji la uso. Sikuona alikotokea. Upepo ukaniletea harufu ya ugoro.

Nilitembea haraka. Yeye alijikokota. Lakini nafasi kati yetu haikupungua.

"Muga," nikasalimu kwa mbali. Adabu ni adabu.

"Muga, binti yangu." Hakugeuka. "Umebeba nani?"

"Phyllis, nyanya. Ana homa, nampeleka zahanati."

"Hilo ni jina." Aliongea kwa upole, kama mwalimu anayemrudishia mwanafunzi daftari. "Nakuuliza umebeba nani."

Mtoto akaacha kulia.

Nikasimama. Lile joto lililokuwa likinichoma mgongo likatoka. Lote. Kama mtu amemwagia jiko maji. Nikamtikisa. Nikasikiliza pumzi yake...

Hakukuwa na pumzi.

"Umebeba nani?"

Safari hii sauti haikutoka mbele. Ilitoka nyuma ya sikio langu, pale mtoto alipokuwa ameegemeza kichwa.

Jibu nililijua. Kila mtu kijijini alilijua, ni jina moja tu. Lakini nilihisi, kwa uhakika ambao hesabu haijawahi kunipa, kwamba nikilitamka nitakuwa nimemkabidhi mwanangu.

Nikapiga magoti vumbini.

"Mungu," nikanong'ona, "sijui kama upo. Huyu ni mtoto wangu. Niachie."

Sala mbovu. Hata mtoto wa Sande Skuli angeona haya.



Halafu nikasikia mtu ametema mate. *Tfu.* Mara moja, karibu sana.

Nilipoinua macho njia ilikuwa tupu. Mgongoni kikatokea kikohozi, kisha kilio cha hasira, cha mtu mwenye njaa. Sijawahi kusikia kitu kizuri hivyo. Nikakimbia.

Zahanati ilikuwa na Njuki, nesi ambaye sote tulimwita daktari. Alimpima mtoto, akatikisa kipimajoto, akapima tena.

"Mwalimu, huyu hana homa."

"Alikuwa nayo saa hii hii."

"Homa za watoto hupanda na kushuka. Mnyonyeshe tu." Akafungua vifungo vya fulana amsikilize kifua, akakunja uso. "Sasa nyinyi wasomi nanyi mnatemea watoto mate?"

Kifuani mwa binti yangu kulikuwa na mate. Mabichi, ya rangi ya kahawia, yananuka ugoro. Wazee wetu hubariki hivyo, huo si muujiza. Lakini mtoto alikuwa amefungwa kifua chake kikiwa kimebana mgongo wangu, fulana na vifungo, leso, shali. Nikapapasa blauzi yangu kwa nyuma.

Kavu.

Nilimweleza Njuki habari ya kikongwe, si yote.

"Huyo ni Wambura," akasema akinawa mikono. "Njaa ilimtoa Mbeere, analala pale stoo ya kanisa. Hubariki kila mtoto anayemwona. Hana neno."

Kesho yake nilimpelekea Wambura sukari. Nilimkuta amekaa kwenye gunia, mguu umevimba kama gogo. Mwenye kumtunza alisema hajatoka humo kwa siku kumi. Ugoro hatumii, unampa kizunguzungu. Wambura alimtazama mtoto kwa muda mrefu, akafunika pua kwa kanga.

"Huyu ameshabarikiwa," akasema. "Mtoe."

Phyllis hajaugua tena hata mafua. Mwezi uliofuata nilimbatiza. Kijiji kinasema matatizo yamenirudisha kwa Mungu, na Mithika husimama kanisani kunitolea ushuhuda. Simkatizi. Ni kweli naamini, tena kuliko wao, kwa maana wao wanatumaini kwamba wakiomba kuna anayesikia. Mimi najua yupo aliyesikia. Kinachonipigisha magoti kila jioni, mlango umefungwa na taa imewashwa, ni kwamba sijui ni yupi aliyejibu, Mungu au yule wa njiani.

Basi namtaja Mungu kwa jina, mara tatu, asije akadhani ninaongea na mwingine. Halafu nasema Amina haraka haraka, kabla sijasaidiwa kuisema.